Kubeti na kamari Texas: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mtu aliyezoea kusuka mkeka kwenye simu akiwa Nairobi au Dar es Salaam, akihamia Houston, Dallas au Fort Worth hukutana na jambo la ajabu. Matangazo ya kubeti yamejaa kwenye kila mechi ya televisheni, lakini programu yenyewe haipokei dau lake. Texas ni kati ya majimbo ya Marekani yenye sheria kali kuhusu kamari, na ukali huo una milango yake ya pembeni. Haya hapa ni majibu ya jumla. Ukishakamatwa au kuandikiwa tiketi ya kosa, huo ni wakati wa wakili.

Kubeti mechi Texas ni halali?

Hapana. Mwaka 2018, tarehe 14 Mei, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Murphy v. NCAA na kuifuta sheria ya shirikisho ya mwaka 1992 iliyowazuia majimbo mengi kuruhusu kubeti michezo. Tangu hapo kila jimbo linajiamulia, na zaidi ya majimbo 35 yamefungua mlango. Texas haikufungua.

Sheria inayohusika ni Sura ya 47 ya Kanuni ya Adhabu ya Texas. Humo, dau ni makubaliano ya kushinda au kupoteza kitu chenye thamani kwa bahati tupu, au hata kwa bahati kidogo tu. Kifungu cha 47.02 kinakataza kuweka dau juu ya matokeo ya mchezo (yawe ya mwisho au ya kipindi kimoja), juu ya mchezaji mmoja mmoja, juu ya uchaguzi au uteuzi wa kisiasa, na juu ya michezo ya karata, dadu au mipira. Kifungu hakiulizi umeweka dau kwa simu, kwa kompyuta au kwa noti mkononi. Kwa hiyo hoja kwamba "sheria haijataja intaneti" haina uzito. Dau ni dau.

Nikikamatwa nimebeti, adhabu yake nini?

Mchezaji wa kawaida anakuwa ametenda kosa dogo la daraja C: faini isiyozidi dola 500 pamoja na gharama za mahakama, bila kifungo. Kesi huenda mahakama ya manispaa au kwa hakimu wa amani, kama tiketi ya barabarani.

Anayeendesha mchezo yuko kwenye hesabu nyingine kabisa. Kukuza kamari, kuweka nyumba ya kamari, kusambaza taarifa za kamari ili kuiendesha, au kumiliki mashine za kamari ni kosa la daraja A: kifungo cha hadi mwaka mmoja jela ya kaunti, faini ya hadi dola 4,000, au vyote viwili. Polisi wanaweza pia kuchukua fedha na vifaa, na mahakama ikaamuru vitaifishwe.

Tofauti ya C na A ndiyo roho ya sheria hii. Texas haihangaiki sana na mtu anayepoteza fedha zake. Inamtafuta anayekula kwenye fedha za wenzake.

Tukicheza karata nyumbani kwa fedha, tumevunja sheria?

Si lazima. Sheria inatoa utetezi wenye masharti matatu, na yote matatu yatimie kwa pamoja:

1. Mchezo ufanyike mahali pa faragha.
2. Pasiwe na mtu anayepata faida yoyote ya kifedha zaidi ya kile alichoshinda mchezoni.
3. Ukiondoa ujuzi au bahati ya mtu, hatari ya kupoteza na nafasi ya kushinda ziwe sawa kwa wote.

Wengi huanguka kwenye sharti la kwanza bila kujua. Mahali pa faragha ni mahali ambapo umma hauingii, na sheria imetaja kabisa vile visivyohesabika: barabara, mgahawa, baa, klabu ya usiku, shule, hospitali, na maeneo ya pamoja ya majengo ya kupanga, hoteli, ofisi na maduka. Sebule ya nyumba uliyopanga ni faragha. Ukumbi wa wapangaji wote pale karibu na ofisi ya meneja si faragha, hata kama mmeukodi na kufunga mlango. Kinyozi wa mtaani, ambako vijana huwekeana dola kumi kumi kwenye drafti au karata, naye hana kinga hiyo.

Sharti la pili huvunjwa kwa vitu vidogo: mwenye nyumba anayetoza "ya meza", anayekata asilimia kwenye kila chungu (fedha za dau zilizowekwa pamoja), anayepewa bakshishi kwa kugawa karata. Kula pilau la mwenyeji bure hakuna tatizo. Lakini mwenyeji akiwauzia wachezaji bia na sahani za nyama kwa faida, amejiwekea ushahidi mwenyewe.

Sharti la tatu linaua michezo yenye benki. Blackjack (mchezo wa karata) ambayo mtu mmoja ndiye nyumba, yaani anayecheza dhidi ya wengine wote, usiku kucha haiko sawa kwa wote. Zamu ya kuwa nyumba ikizunguka kwa kila mchezaji, hoja inasimama vizuri zaidi.

Kumbuka kwamba huu ni utetezi. Unatolewa mbele ya hakimu, baada ya tiketi kuandikwa.

Mashindano ya drafti au pool yenye kiingilio na zawadi je?

Hayo ni jambo tofauti. Zawadi inayotolewa kwa washindani wenyewe katika shindano halisi la ujuzi, kasi, nguvu au uvumilivu haihesabiwi kuwa dau. Washindani thelathini wakilipa kiingilio na bingwa akapewa kikombe na fedha, hapo hakuna kamari. Watazamaji waliozunguka meza wakiwekeana fedha juu ya nani atashinda, hao ndio wanaobeti.

Tunataka kutabiri matokeo ya Kombe la Dunia, kila mtu atoe dola 20. Inaruhusiwa?

Tumia masharti matatu yaleyale. Watu 20 wakitoa dola 20 kila mmoja, chungu ni dola 400. Dola 400 zote zikienda kwa washindi, mkikutana nyumbani kwa mmoja wenu na kila mtu akiwa na nafasi sawa, mko kwenye eneo la utetezi. Mratibu akibakisha dola 40 "za usumbufu", sharti la pili limevunjika kwa wote, na yeye mwenyewe ameingia kwenye kosa la daraja A la kutunza fedha za dau kwa faida.

Mkihamishia mchezo huo mgahawani ili wateja wajiunge, faragha imekwisha. Mwenye mgahawa anayetaka kuvutia watazamaji afanye utabiri wa bure: hakuna kiingilio, hakuna sharti la kununua chakula, mshindi anapata jezi. Palipo na bahati na zawadi bila malipo, hakuna dau.

Nakusanya mikeka ya wenzangu kwenye WhatsApp na kumpelekea jamaa mwenye akaunti. Mimi si kampuni, kuna shida?

Ndiyo, na pengine ni shida kubwa kuliko zote katika ukurasa huu. Sheria inamhesabu mtu kuwa mpokeaji dau wa kibiashara kwa njia yoyote kati ya hizi: amepokea na kuandika au kupeleka mbele madau zaidi ya matano ndani ya saa 24, madau hayo yamezidi jumla ya dola 1,000 ndani ya saa 24, au watu watatu na zaidi wamepanga pamoja kupokea na kupeleka madau. Jumamosi moja ya Ligi Kuu ya Uingereza inatosha kuvuka mstari wa kwanza.

Ushahidi wanauandika washiriki wenyewe. Ujumbe wa kundi una majina, mechi na viwango. Malipo ya Zelle na Cash App yana saa na dakika. Kisha iko sheria ya shirikisho: biashara ya kamari inayovunja sheria ya jimbo, ikihusisha watu watano au zaidi na kuendelea kwa zaidi ya siku 30 au kuingiza dola 2,000 kwa siku moja, inaweza kushtakiwa kama kosa kubwa mahakama ya shirikisho.

Ndugu yangu yuko Kenya. Nikimtumia fedha aniwekee dau kule kwa kampuni halali?

Leseni ya Kenya au Tanzania inaishia mpakani kwao. Haimpi ruhusa mtu aliyeko Texas. Wewe na ndugu yako mkikubaliana kwamba utapata au kupoteza kulingana na mechi, makubaliano hayo yanaangukia kwenye maana ya dau ya Texas. Kwa mtu mmoja anayejichezea, ni nadra kesi ya namna hiyo kufuatiliwa. Tatizo la kila siku ni jingine: akaunti, namba ya simu na kitambulisho ni vya ndugu yako, hivyo ushindi ni wake mbele ya kampuni, na mkigombana huna pa kushtaki. Ukianza kukusanya fedha za majirani na kukata chako, rudi kwenye jibu lililotangulia.

Mbona kuna programu zinazofanya kazi nikiwa hapa Dallas?

Ziko za aina nne, na hazifanani hata kidogo kisheria.

Fantasi ya kila siku, ambapo unachagua wachezaji na takwimu zao. Januari 2016 Mwanasheria Mkuu wa Texas, Ken Paxton, alitoa maoni kwamba fantasi ya kulipia ambayo kampuni inakata asilimia ni kamari, kwa sababu anayelipa si mshindani anayecheza uwanjani. Maoni ya mwanasheria mkuu si hukumu. Kampuni ya DraftKings ilifungua kesi na kuendelea kufanya kazi. FanDuel iliondoka kisha ikarudi mwaka 2018. Kampuni nyingine zimefuata. Watu wanacheza kila siku bila kukamatwa, lakini Bunge la Texas halijawahi kupitisha sheria ya kuihalalisha.

Masoko ya utabiri kama Kalshi. Hapa unanunua mkataba wa ndiyo au hapana juu ya tukio, pamoja na mechi. Yanasema yako chini ya tume ya shirikisho ya masoko ya bidhaa, CFTC, na kwamba sheria za kamari za majimbo haziyagusi. Majimbo kadhaa, yakiwemo Nevada, New Jersey, Maryland na Massachusetts, yamepingana nayo mahakamani, na maamuzi ya majaji yamegongana. Anayeweka fedha humo anaegemea ugomvi huo.

Kasino za sarafu mbili, ambazo hukuuzia sarafu za kuchezea na kukuongezea "za zawadi" zinazobadilishwa kuwa fedha. Majimbo kama California yamezipiga marufuku kwa sheria mahususi. Texas haina sheria ya namna hiyo, ila maana yake ya dau ni pana mno kwa mtu kujiona salama.

Za nje ya nchi. Hizi ndizo mbaya zaidi. Hazina leseni ya jimbo lolote la Marekani. Kuweka fedha ni dakika mbili. Kutoa ndiko kunakochukua wiki, wakidai nakala ya kitambulisho, picha yako, bili ya umeme, halafu wakakuambia bonasi uliyopokea ilikutaka ucheze mara thelathini kabla ya kutoa senti. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2006 inazibana benki na wasindika malipo wasipeleke fedha kwenye kamari haramu za mtandaoni, ndiyo maana kadi hukataliwa na watu husukumwa kwenye sarafu za kidijitali, ambazo zikishatoka hazirudi. Hakuna ofisi Texas itakayokusaidia kudai.

Nikiendesha gari hadi Louisiana nikabeti huko, nina kosa nikirudi?

Huna. Kinachoangaliwa ni mahali ulipo wakati wa kuweka dau. Unaweza kufungua akaunti ukiwa nyumbani Houston, ukaweka fedha ukiwa nyumbani, na ukatoa ushindi ukiwa nyumbani. Kuweka mkeka, na mara nyingi hata kuuvunja kabla mechi haijaisha, lazima uwe ndani ya jimbo linaloruhusu. Umri ni miaka 21.

Kubeti kwa simu kulianza Louisiana tarehe 28 Januari 2022. Lakini si Louisiana yote. Katika kura ya Novemba 2020, parishi (ndivyo kaunti zinavyoitwa huko) 55 kati ya 64 zilikubali na 9 zikakataa. Moja ya zilizokataa ni Sabine, iliyopakana na Texas kwenye ziwa la Toledo Bend. Anayevuka kwa njia ya mji wa Many atakuta simu bado inakataa ingawa bango la "Karibu Louisiana" ameshaliona. Njia za kawaida za I-10 kwenda Lake Charles na I-20 kwenda Shreveport hazina tatizo hilo.

Programu huchunguza eneo kwa GPS, Wi-Fi na minara ya simu kwa pamoja. Ukisimama kituo cha kwanza cha mafuta baada ya mpaka na simu bado inashika mnara wa Texas, itakugomea. Washa Wi-Fi, ruhusu eneo sahihi kwenye mipangilio, zima programu za kuongoza simu kutoka mbali, endelea maili chache. VPN haisaidii: yenyewe hutambuliwa na kuzuia dau, na ikipita, kampuni ina haki ya kufunga akaunti na kushikilia ushindi kwa kuvunja masharti.

Arkansas nayo inaruhusu kwa simu tangu Machi 2022. New Mexico ni ndani ya kasino za makabila tu. Oklahoma ina kasino kubwa kama WinStar pale Thackerville, mpakani kabisa na barabara ya I-35, ila kubeti michezo hakujahalalishwa huko. Usiende na mkeka mfukoni.

Texas haina kasino hata moja?

Ina tatu, zote za makabila ya Wenyeji wa Marekani. Wakickapoo wana Lucky Eagle pale Eagle Pass. Watigua wa Ysleta del Sur Pueblo wana Speaking Rock mjini El Paso. Alabama-Coushatta wana Naskila karibu na Livingston, kaskazini ya Houston. Makabila mawili ya mwisho yalipambana na jimbo kwa miaka mingi hadi Mahakama ya Juu ilipoamua, tarehe 15 Juni 2022, kwa kura 5 kwa 4, kwamba jimbo haliwezi kuwakataza mchezo ambao lenyewe linauruhusu kwa masharti. Texas inaruhusu bingo, basi nao wanaruhusiwa bingo, pamoja na ya kielektroniki. Ndiyo sababu mashine zao zinafanana na za Las Vegas lakini ndani zinaendesha bingo. Meza za kubeti mechi hazipo.

Vile vyumba vyenye kibao cha "Game Room" je?

Kaa mbali navyo. Mashine za kamari zilizomo huitwa eight-liner, na wenye vyumba hujificha nyuma ya msamaha mmoja uliotungwa kwa ajili ya michezo ya watoto ya kunyakua midoli: mashine inaruhusiwa kutoa zawadi isiyo fedha, yenye thamani, kwa bei ya muuzaji wa jumla, isiyozidi mara kumi ya bei ya kucheza mara moja au dola 5, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Mashine ya senti 25 mwisho wake ni zawadi ya dola 2.50. Chumba kinacholipa fedha taslimu kimevunja msamaha huo siku ya kwanza. Hata vocha za dukani hazikuokoa: mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya Texas iliamua katika kesi ya Hardy kwamba vocha inayotumika kama fedha ni fedha.

Polisi wakivamia, wateja huandikiwa tiketi za daraja C na majina yao huingia kwenye kumbukumbu. Vyumba hivi pia ni shabaha ya majambazi, kwa kuwa vina fedha taslimu usiku na mwenye chumba hana hamu ya kupiga simu polisi.

Klabu za poka zinazotoza kwa saa?

Hazikati chungu, hutoza uanachama na kiti kwa saa, zikidai kwamba hiyo ni ada ya klabu, na kwamba klabu ya wanachama ni mahali pa faragha. Wengine husema ada hiyo ndiyo faida ya kifedha inayokatazwa. Mei 2019 klabu mbili za Houston zilivamiwa, na miezi miwili baadaye mashtaka yakafutwa. Jiji la Dallas lilijaribu kuiondolea Texas Card House kibali cha kutumia jengo. Ziko wazi mijini kadhaa, lakini zimesimama juu ya tafsiri tu.

Lotari ya jimbo, naweza kununua kwa simu?

Hapana tena. Lotari ilianza kuuza tiketi Mei 1992 baada ya wapiga kura kubadili katiba mwaka 1991. Mwaka 2023 kundi moja lilinunua karibu kila mchanganyiko wa Lotto Texas, ambayo ina michanganyiko 25,827,165, na kuchukua zawadi iliyotangazwa kuwa dola milioni 95. Kelele zilizofuata zilifuta Tume ya Lotari. Tangu 1 Septemba 2025 lotari iko chini ya idara ya leseni, TDLR. Kununua kwa mtandao na huduma za mawakala wa kukununulia zimepigwa marufuku, na ununuzi wa mara moja una kikomo cha tiketi 100. Nenda dukani mwenyewe. Umri ni miaka 18.

Saini nyuma ya tiketi papo hapo, kwa kuwa tiketi isiyo na saini ni ya aliyeishika. Zawadi ya hadi dola 599 hulipwa dukani. Kuanzia 600 unaenda kituo cha madai na kitambulisho. Muda ni siku 180 tangu droo. Mshindi wa dola milioni 1 au zaidi anaweza kuomba jina lake lisitangazwe. Na ukipigiwa simu kwamba umeshinda lotari ambayo hukununua, utume ada kwanza, huo ni utapeli bila swali la pili.

Farasi?

Halali, lakini ndani ya uwanja wenye leseni tu, kama Sam Houston Race Park au Lone Star Park pale Grand Prairie, na kwa mwenye miaka 21. Kampuni ya Churchill Downs ilipinga sharti la kuwepo uwanjani, ikashindwa katika mahakama ya rufaa ya shirikisho mwaka 2014.

Kanisa letu au jumuiya yetu inaweza kuuza tiketi za bahati nasibu kuchangia msiba?

Inaweza, ikiwa inastahili. Jumuiya ya kidini iwe imekuwepo Texas angalau miaka 10. Chama kisicho cha faida kiwe na angalau miaka 3 na msamaha wa kodi wa 501(c). Kundi la WhatsApp lenye mweka hazina mwaminifu halitoshi. Tiketi zake ni kamari. Kwa msiba wa ghafla, chama kisichosajiliwa kikusanye mchango wa kawaida bila droo.

Zawadi isiwe fedha. Zawadi iliyonunuliwa isizidi dola 75,000. Kila tiketi iandikwe jina na anwani ya chama, bei ya tiketi, na maelezo ya kila zawadi yenye thamani ya zaidi ya dola 10. Asilipwe mtu kwa kuandaa au kuuza. Msiitangaze kwa kulipia vyombo vya habari vya jimbo zima. Kosa la kawaida zaidi ni kuahidi "nusu ya makusanyo kwa mshindi": hiyo ni zawadi ya fedha, na inaruhusiwa kwa mifuko ya hisani ya timu za kulipwa, si kwa kanisa la mtaani.

Upatu wetu, ule akina mama wanauita mchezo, ni kamari?

Hapana, hata mkichagua zamu kwa kuokota karatasi. Kila mwanachama anatoa kiasi kilekile na mwisho anapokea kiasi kilekile. Bahati inaamua mwezi wa kupokea tu, na hakuna anayepoteza. Ukibadilika ukawa na zawadi ya ziada kwa atakayeokotwa, hapo mmeingiza bahati nasibu.

Nina grini kadi. Tiketi ya kamari ya dola mia mbili inaweza kuniharibia uraia?

Inaweza, na hapa ndipo watu wetu hujiumiza kwa haraka ya kumaliza jambo. Sheria ya uhamiaji inasema mtu hana mwenendo mwema ikiwa, ndani ya kipindi kinachochunguzwa, amepatikana na hatia ya makosa mawili au zaidi ya kamari, au ikiwa kipato chake kikuu kinatoka kwenye kamari haramu. Kipindi hicho kwa kawaida ni miaka 5 kabla ya kuomba, au 3 kwa anayeomba kupitia ndoa na raia, na kinaendelea hadi siku ya kiapo. Fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza moja kwa moja kama umewahi kucheza kamari kinyume cha sheria, na swali hilo halina kikomo cha miaka.

Mtego uko kwenye malipo. Texas, kulipa faini ya daraja C kwa posta au mtandaoni huhesabiwa kuwa umekubali hukumu bila kupinga, na hatia inaandikwa. Hatua za maana ni hizi:

1. Usilipe siku hiyohiyo. Soma tarehe ya kufika mahakamani na uiheshimu; kutofika kunaleta hati ya kukamatwa.
2. Kabla ya tarehe hiyo mpelekee tiketi wakili wa uhamiaji, si mthibitishaji wa nyaraka wala "mtaalamu wa fomu".
3. Muulize kuhusu kuahirishwa kwa hukumu. Kwa jimbo inaweza kuisha kama kesi iliyofutwa. Kwa uhamiaji, ukikiri na hakimu akakuwekea sharti au adhabu, bado ni hatia.
4. Omba nakala iliyothibitishwa ya uamuzi wa mwisho na uitunze. Afisa wa uraia ataitaka miaka minne baadaye, mahakama ndogo ikiwa imeshahamisha mafaili.

Kubeti kihalali Louisiana au kununua lotari hakumo kwenye hesabu hii. Kudanganya kwenye fomu kumo, na ni kubaya kuliko tiketi yenyewe.

Ushindi unatozwa kodi?

Texas haina kodi ya mapato, lakini serikali ya shirikisho inataka ushindi wote utajwe, uwe umepewa fomu au hukupewa. Lotari hukata asilimia 24 kwa ushindi unaozidi dola 5,000. Asiye mkazi wa kikodi hukatwa asilimia 30. Hasara unaweza kuipunguza kwenye ushindi ikiwa tu unaorodhesha makato yako, na kuanzia mwaka wa kodi 2026 inakubaliwa asilimia 90 ya hasara. Aliyeshinda dola 10,000 na kupoteza 10,000 atalipa kodi juu ya 1,000 ambazo hana.

Familia inayopokea SNAP, msaada wa chakula wa serikali, ikishinda kwa mkupuo kiasi kinachofikia kikomo, ambacho kwa miaka ya karibuni ni dola 4,500, lazima iripoti, na msaada husimama hadi istahili upya.

Jamaa ananidai fedha za kamari na anatishia kunishtaki.

Mahakama za Texas hazimsaidii mtu kukusanya deni la kamari haramu. Vitisho vya kukudhuru ni kosa la jinai lake mwenyewe, na unaweza kuripoti. Fedha ulizokopa benki au kwa kadi ili ucheze ni deni la kweli, hilo utadaiwa. Ukiona mchezo umeshakutawala, 1-800-GAMBLER inapokea simu saa 24 bila malipo, na mikutano ya Gamblers Anonymous haina ada.

Sheria itabadilika lini?

Si karibuni. Kuhalalisha kubeti kunapitia kubadili katiba ya jimbo, na hilo linahitaji theluthi mbili ya kila baraza, yaani wabunge 100 kati ya 150 na maseneta 21 kati ya 31, kisha kura ya wananchi. Mwaka 2023 azimio la kubeti kwa simu lilipata kura 101 bungeni, moja tu juu ya kikomo, halafu Seneti inayoongozwa na Dan Patrick haikuligusa. Mwaka 2025 halikufika hata hapo. Bunge la Texas hukaa siku 140 katika miaka isiyogawanyika kwa mbili, hivyo kikao cha kawaida kinachofuata ni Januari 2027, na hata kingepitisha azimio, wananchi wangelipigia kura baadaye, kisha kanuni na leseni zingefuata baada ya kura.